UZI: Amri za kompaila na linka kwa moduli za C, tuache kuziandika kwa mkono, tuiulize intapreta yenyewe

#1 Mfuaji_C (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nafungua uzi huu kwa sababu jambo hili limenila siku mbili nzima, na najua wengi humu watapita njia hiyo hiyo. Una faili la C, unataka liwe moduli ya Python (au Ruby, Perl, Lua, R, msingi ni ule ule). Zile amri mbili, ya kompaila (inayogeuza C kuwa faili la objekti) na ya linka (inayounganisha objekti na maktaba kuwa `.so`), zinatoka wapi? Na ukitaka programu yako ndiyo izitunge, izitunge vipi ili zisikugeuke ukihama mashine?

Nina moduli ndogo inaitwa `bana`. Ni faili moja tu, `bana.c`, linatumia maktaba ya zstd kubana data. Siku zote nilikuwa naijenga kwa amri niliyoiandika mwenyewe na kuihifadhi kwenye skripti:

```
gcc -shared -fPIC -I/usr/include/python3.12 -lzstd bana.c -o bana.so
```

Mashine ya zamani ilikuwa shwari. Juzi nikahamia nyingine. Linux pia, Python toleo lile lile, gcc ipo, zstd ipo na heda zake (mafaili ya `.h`) zipo. Nikaendesha skripti: hakuna kosa, hakuna hata onyo, `bana.so` hiyo hapo. Nikaita `import bana`:

```
ImportError: ./bana.so: undefined symbol: ZSTD_compress
```

Nilifuta zstd nikaiweka upya. Nikahakikisha faili la maktaba lipo na lina hiyo simboli (jina la function). Nikaanza kushuku kodi yangu, ambayo haikuwa imeguswa. Kilichonifumbua macho ni amri moja tu, ya kuonyesha maktaba ambazo `.so` inazihitaji, niliyoiendesha kwenye `bana.so` ya kila mashine:

```
readelf -d bana.so | grep NEEDED
```

Ile ya zamani ilionyesha `libzstd.so.1` na `libc.so.6`. Ile mpya ilikuwa na `libc.so.6` peke yake. Maana yake linka iliiona `-lzstd`, ikaiacha, na haikuniambia.

Sababu ni hii. Linka husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye mashine mpya, gcc imepangwa kuiita linka na swichi `--as-needed`, yaani maktaba iandikwe kwenye orodha ya mahitaji endapo tu kuna simboli iliyokwisha kuombwa na maktaba hiyo inayo. Ilipofika `-lzstd`, objekti ya `bana.c` ilikuwa haijasomwa bado, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameomba chochote. Maktaba ikatupwa. Halafu ndipo `bana.c` ikaingia na kuomba `ZSTD_compress`, ila kwa kuwa tunajenga faili la `.so` na si programu kamili, Linux inaruhusu simboli ibaki wazi hadi wakati wa kupakia. Ndiyo maana kosa lilinisubiri kwenye `import`.

Dawa ni kuhamishia `-lzstd` mwishoni, sekunde mbili tu. Lakini amri yangu ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza, mashine ya zamani ndiyo iliyokuwa inaifichia aibu. Nikaitazama tena na kila kipande chake nilikuwa nimekikisia: `gcc` nimekisia, njia ya heda nimekisia, `-shared` nimekisia, hata jina la faili la mwisho. Na vyote hivyo intapreta (programu ya Python yenyewe) inavijua tayari! Siku ilipojengwa, yenyewe iliandika kumbukumbu: nilijengwa kwa kompaila gani, kwa swichi zipi, moduli zangu huunganishwa hivi, majina yao huishia hivi. Kumbukumbu hiyo unaisoma kupitia `sysconfig`, moduli inayokuja na Python.

Kwa hiyo nimeandika hivi:

```python
import shlex, sysconfig

v = sysconfig.get_config_var

def ya_kompaila(chanzo, objekti, heda=(), fasili=()):
    amri  = shlex.split(v("CC"))
    amri += shlex.split(v("CFLAGS"))
    amri += shlex.split(v("CCSHARED"))
    amri += ["-I" + sysconfig.get_path("include")]
    amri += ["-I" + h for h in heda]
    amri += ["-D" + f for f in fasili]
    return amri + ["-c", chanzo, "-o", objekti]

def ya_linka(objekti, jina, folda=(), maktaba=()):
    amri  = shlex.split(v("LDSHARED"))
    amri += list(objekti)
    amri += ["-L" + f for f in folda]
    amri += ["-l" + m for m in maktaba]
    return amri + ["-o", jina + v("EXT_SUFFIX")]
```

Angalieni mpangilio wa `ya_linka`: objekti kwanza, maktaba baadaye. Hiyo ndiyo siku mbili zangu, imekaa kwenye mistari miwili.

Kwenye Linux `CCSHARED` hurudisha `-fPIC`, na `LDSHARED` hurudisha kitu kama `gcc -shared`, wakati mwingine na swichi nyingine nyuma yake. Kwenye macOS `LDSHARED` ni `clang -bundle -undefined dynamic_lookup`, ambayo sidhani kuna mtu angeikisia. `EXT_SUFFIX` inatoa mkia mrefu kama `.cpython-312-x86_64-linux-gnu.so`. Mkia huo una kazi: moduli ya 3.12 na ya 3.13 zinakaa folda moja bila kugombana, na kila intapreta inachukua ya kwake.

Karibuni tujadili. Penye makosa nirekebishwe.

---

#2 mwanagenzi

Mkuu asante kwa uzi. Mimi bado mgeni kwenye C. Nimechukua kodi yako kama ilivyo, amri imetoka vizuri, lakini kompaila inasema:

```
fatal error: Python.h: No such file or directory
```

Nimechapisha `sysconfig.get_path("include")` na inanipa njia kabisa. Sasa mbona inanipa njia ambayo haina faili?

---

#3 Mfuaji_C

Swali zuri sana ndugu. `sysconfig` inakuambia mahali heda *zinapopaswa* kuwa. Haiendi kutazama kama zipo. Linux nyingi hugawa Python mafungu mawili: intapreta yenyewe, na heda za wajenzi. Kwenye Debian na Ubuntu fungu la pili linaitwa `python3-dev`, kwenye Fedora `python3-devel`. Weka hilo kisha rudia.

Na umenikumbusha kitu ambacho nilipaswa kukiweka mwenyewe. Kabla ya kutoa amri, kagua kama `Python.h` ipo kwenye njia hiyo, na kama haipo mwambie mtu moja kwa moja kwamba heda hazijawekwa. Kosa la kompaila linamfikirisha mgeni kwamba kodi yake ndiyo mbovu.

---

#4 Kipanga77

Mfuaji, habari ya `-lzstd` mwishoni ni kweli kabisa. Ila mimi naona ungeongeza `-Wl,--no-undefined` kwenye `ya_linka`. Hapo linka ingekataa papo hapo badala ya kukuachia bomu la kulipuka kwenye `import`. Kwenye maktaba zangu za C za kawaida siachi kuiweka.

---

#5 Mfuaji_C

Kaka Kipanga, kwa maktaba ya kawaida naungana nawe, na niliijaribu kabla hata ya kuandika uzi. Kwenye moduli ya Python inaleta vurugu. Moduli yako inaita `PyArg_ParseTuple`, `PyBytes_FromStringAndSize` na wenzake, na hizo simboli hazimo kwenye maktaba yoyote uliyoitaja kwenye amri. Zimo ndani ya intapreta, ambayo ndiyo itakayoipakia moduli. Tangu Python 3.8, moduli za nyongeza kwenye Unix kwa kawaida haziunganishwi na `libpython`. Kwa hiyo ukiweka `--no-undefined`, linka itakulalamikia kila simboli inayoanza na `Py`, na ile moja uliyokuwa unaitafuta itazama katikati yao. Ile `-undefined dynamic_lookup` ya macOS ipo kwa sababu hiyo hiyo: inaiambia linka, acha, zitapatikana wakati wa kupakia.

Ninachofanya mimi ni kukagua baada ya kuunganisha, kwa `nm`, inayoorodhesha simboli:

```
nm -D --undefined-only bana*.so | grep -v -E ' _?Py'
```

Zinazobaki ndizo unazopaswa kuzitolea maelezo. Kama `ZSTD_compress` imo na `libzstd` haimo kwenye NEEDED, umeshapata mchawi wako.

Halafu ifanyie `import` kwenye mchakato mpya ambao haujapakia kitu kingine, na tena kwenye mashine zaidi ya moja. Kuna mtego hapa. Kwenye baadhi ya Linux, programu ya `python3` yenyewe imeunganishwa na `libz`. Ukisahau `-lz` kwenye moduli yako, itapakia bila tatizo, kwa sababu simboli za zlib tayari zimo ndani ya mchakato. Ukiipeleka kwenye Python iliyojengwa tofauti, inaanguka. Mimi ningetumia zlib badala ya zstd, kasoro yangu ingejificha zaidi ya pale.

---

#6 zuhura_k

Hodi humu. Mimi ni wa Ruby, na nimefurahi kuona mtu anasema "iulize intapreta", kwa sababu kwetu huo ndio utaratibu wa siku zote. Unaandika `extconf.rb`:

```ruby
require 'mkmf'
have_header('zstd.h') or abort 'heda za zstd hazipo'
have_library('zstd', 'ZSTD_compress') or abort 'maktaba ya zstd haipo'
create_makefile('bana')
```

Kinachotoka ni Makefile (faili la maelekezo ya programu ya make) iliyojazwa kwa kumbukumbu za Ruby yenyewe, zile unazoziona kwenye `RbConfig::CONFIG`. Na `have_library` haikisii. Inaandika programu ndogo ya C inayotaja hiyo simboli, inaikompaili, inaiunganisha, kisha inatazama kama imefaulu. Kila jaribio linaandikwa kwenye `mkmf.log`, na amri kamili iliyotumika pamoja na kodi ya jaribio lenyewe.

Nawasihi wenye kuandika zana kama ya Mfuaji waige hilo la `mkmf.log`. Mtu akiniambia "maktaba ipo lakini Ruby haiioni", simuulizi maswali kumi, namwomba faili hilo tu. Mara nyingi jibu limo: heda za toleo moja, maktaba ya toleo jingine, au folda ya maktaba haikutajwa. Na Makefile ikikuficha amri zake, endesha `make V=1` uzione zote.

Jambo jingine ni jina la mlango wa kuingilia. Lugha hizi hutafuta kazi (function) yenye jina maalumu ndani ya `.so`. Ruby inatafuta `Init_bana`, Python `PyInit_bana`, Lua `luaopen_bana`. Moduli ikiwa ndani ya kifurushi, tuseme `data.bana`, Python inachukua kipande cha mwisho peke yake, `PyInit_bana`, ila Lua inachukua jina zima na nukta inageuka mstari wa chini, `luaopen_data_bana`. Zana yako ikiwa inalijua jina la moduli, ikague kwa `nm` kama mlango upo. Nimeshuhudia mtu akibadilisha jina la faili la `.so` akidhani amebadilisha jina la moduli.

---

#7 Nahodha_bandari

Dada Zuhura umesema vyema. Perl nayo inayo, jaribuni `perl -V:lddlflags` na `perl -V:ccflags`. R inajibu `R CMD config CC`, na `R CMD SHLIB --dry-run bana.c` inakuonyesha amri bila kuziendesha.

Mfuaji, kodi yako nimeijaribu kwenye Windows. Haikutoa kosa wala amri. Ilikaa kimya. Nikadhani inafanya kazi nzito, nikaenda zangu, nimerudi bado imekaa.

---

#8 Mfuaji_C

Aisee Nahodha, hilo sikulitarajia, lakini nimelifuatilia na nimelielewa. Kwenye Windows `sysconfig` haina `CC` wala `LDSHARED`, inarudisha `None`. Na `shlex.split(None)` kwenye matoleo ya kabla ya 3.12 ilikuwa na tabia ya ajabu: ukiipa `None` inasoma kutoka kwenye ingizo la kawaida. Kwa hiyo programu haikuwa imeganda, ilikuwa inakusubiri wewe uandike kitu kwenye kibodi. Kuanzia 3.12 inatupa kosa mara moja, kwa hiyo najua Python yako ni ya nyuma kidogo.

Kwa MSVC (kompaila ya Microsoft) inabidi amri zitungwe kwa namna yake: `cl.exe /c /MD /I... /Fobana.obj bana.c`, kisha `link.exe /DLL /OUT:bana.pyd bana.obj /LIBPATH:... /EXPORT:PyInit_bana`, na kwa jina la mwisho utumie `EXT_SUFFIX`, hiyo Windows inayo. Huko linka haikubali simboli iliyo wazi hata moja, kwa hiyo lazima iione `python312.lib` (namba hufuata toleo lako la Python). Hilo faili linakaa kwenye folda ya `libs` chini ya `sys.base_prefix`. Ukiwa ndani ya venv (mazingira ya Python ya mradi mmoja) usilitafute kwenye venv, halimo.

---

#9 Kipanga77

Sawa, nimekuelewa kwenye `--no-undefined`. Nakuunga mkono kwenye jambo jingine ambalo umelifanya bila kulisemea: amri zako ni orodha, si mstari mmoja wa maandishi. Hilo linastahili kusemewa, kwa sababu mimi lilinitoa jasho.

Nilikuwa natengeneza moduli inayobeba maktaba yake ndani ya kifurushi, kwenye folda ya `libs` pembeni ya `.so`. Linka inapaswa kupewa `-Wl,-rpath,$ORIGIN/libs`, ambapo `$ORIGIN` ni neno la kipakiaji cha Linux likimaanisha "folda niliyomo mimi". Skripti yangu ilikuwa inaunganisha maandishi, inayatupa kwenye shell (programu inayosoma amri za terminali). Shell ikaona alama ya dola, ikatafuta kigezo kiitwacho ORIGIN, hakipo, ikaweka utupu. Moduli ikawa inatafuta maktaba kwenye `/libs`, huko kwenye mzizi wa diski.

Nikahamia Makefile nikidhani nimepona. `readelf -d` ikanionyesha:

```
Library runpath: [RIGIN/libs]
```

RIGIN! Nilikaa nikiitazama hiyo herufi iliyopotea. Make ikiona `$O` inadhani ni kigezo kinachoitwa O, na kwa kuwa hakina kitu, inakifuta. Herufi tano zinabaki. Kwenye Makefile inabidi uandike `'$$ORIGIN/libs'`, dola mbili kwa ajili ya make na alama za nukuu kwa ajili ya shell.

Ukiwa na orodha na ukaiita kwa `subprocess.run(amri)` bila shell katikati, unaandika `"-Wl,-rpath,$ORIGIN/libs"` na inafika ilivyo. Hata `-D` (ya kufasili neno kwa kodi ya C) yenye nukuu inafika: kwenye orodha `'-DTOLEO="1.2"'` inabaki na nukuu zake, kupitia shell zinang'olewa na C inapokea namba 1.2 badala ya maandishi. Folda zenye nafasi kwenye majina, hivyo hivyo.

---

#10 Mfuaji_C

Kipanga, hiyo RIGIN naiweka kwenye kumbukumbu. Mtu yeyote akiiona kwenye `readelf` ajue moja kwa moja ni make iliyokula.

Naongezea kwa upande wa kuonyesha. Amri ikae kama orodha hadi mwisho, na ukitaka kumwonyesha binadamu ndipo uigeuze kwa `shlex.join(amri)`. Hapo anaweza kunakili mstari huo kwenye terminali na ukafanya kazi vile vile. Ukichapisha kwa `" ".join(amri)`, unachomwonyesha sicho ulichokiendesha, na siku ya tatizo atahangaika na amri ambayo haijawahi kuwepo.

Na mkiwa na orodha mkononi, `compile_commands.json` mnaipata karibu bure. Kila faili la C linapata kipengele chenye `directory`, `file` na `arguments`, na hiyo `arguments` ndiyo orodha ile ile. clangd (programu inayokisaidia kihariri kuelewa C) ikiisoma, kihariri chako kinaijua `Python.h` na kila `-D` uliyoweka. Ni amri za kompaila tu zinazoingia humo, za linka hazimo.

---

#11 mtulivu_wa_kodi

Naomba niwe mpinzani kidogo. Wakuu, haya yote tayari yapo. Zana za kujenga zipo: setuptools inafanya, Meson inafanya. Kuna haja gani kila mtu kuandika zana yake? Tutakuwa na zana elfu moja zenye makosa yale yale.

---

#12 Mfuaji_C

Ndugu Mtulivu, hoja yako ina uzito, na nitaijibu bila kuikwepa.

Kwa kifurushi unachokisambaza kwa watu, tumia zana zilizokomaa. SciPy walihamia Meson kuanzia toleo la 1.9.0 mwaka 2022, na NumPy wakafuata kwenye 1.26 mwaka 2023. Hao walikuwa na C, C++ na (kwa SciPy) Fortran nyingi wakati huo, na walichagua zana iliyokuwepo tayari. Mimi pia `bana` nikiitoa hadharani itatoka na setuptools.

Lakini tukumbuke distutils (zana ya zamani ya kujenga iliyokuja na Python) iliondolewa kwenye Python 3.12, Oktoba 2023. Wako watu wengi waliokuwa na `setup.py` za miaka mingi, na zilipokatika hawakujua chini yake palikuwa na amri gani. Kwa mtu anayejua kwamba chini ya zana yoyote kuna amri mbili, na kila kipande cha amri hizo kina asili yake, kuhama ni kazi ya kuchosha tu. Asiyejua anabaki kubahatisha. Halafu wako wanaoandika lugha zao, au mfumo wa kujenga wa ndani ya kazi yao, au kizalishi cha kodi ambacho lazima kikompaili kinachokizalisha palepale. Hao hawana pa kukwepea.

Hata ukitumia setuptools, endesha `pip install -v .` siku moja, usome amri zinazopita. Utazitambua zote sasa.

---

#13 mtulivu_wa_kodi

Hapo nimekuelewa. Basi nikupe kasoro moja ya kodi yako. Nimeweka clang badala ya gcc kwa kubadilisha `CC` peke yake. Objekti zilitengenezwa na clang, na linka ikaitwa kupitia gcc, kwa sababu `LDSHARED` ina gcc yake ndani. Na kabla ya hapo clang ilikataa baadhi ya swichi zilizomo kwenye `CFLAGS`.

---

#14 Mfuaji_C

Kweli kabisa, na hili ndilo eneo gumu kuliko yote kwenye mada hii. Kumbukumbu ya intapreta ni ya siku ilipojengwa, kwenye mashine iliyoijenga. Nimewahi kutumia Python iliyokuja na `-specs=` ikielekeza kwenye faili ambalo kwenye mashine yangu halikuwepo, kwa sababu ni la fungu la wajenzi wa usambazaji ule. gcc ikagoma hata kabla ya kusoma mstari wa kwanza wa C.

Kuhusu `LDSHARED`, fanya walivyofanya distutils: mtumiaji akibadilisha `CC`, na `LDSHARED` ikawa inaanza na kompaila ile ya zamani, badilisha mwanzo huo tu na uache swichi zinazofuata:

```python
def badili_linka(ldshared, cc_ya_zamani, cc_mpya):
    if ldshared.startswith(cc_ya_zamani):
        return cc_mpya + ldshared[len(cc_ya_zamani):]
    return ldshared
```

Kuhusu `CFLAGS`, msimamo wangu: mtu akitumia kompaila ile ile ya kumbukumbu, chukua zote. Akibadilisha kompaila, acha `CFLAGS` za kumbukumbu, bakiza `CCSHARED`, njia ya heda na `-DNDEBUG`, kisha mwache aongeze za kwake kupitia kigezo cha mazingira. Kuchuja swichi moja moja nilijaribu, orodha ya kuchuja haiishi.

---

#15 Nahodha_bandari

Na anayejengea mashine nyingine? Mimi najenga kwenye x86_64, moduli inakwenda kukaa kwenye kifaa cha ARM (aina nyingine ya prosesa). Hapo kuiuliza intapreta ni kosa, maana ninayoiuliza siyo itakayoitumia moduli.

---

#16 Mfuaji_C

Umepiga penyewe. Kanuni haibadiliki, ila unayemuuliza ndiye anayebadilika: ni intapreta ya ARM, na hiyo huwezi kuiendesha pale ulipo. Bahati nzuri kumbukumbu yake ni faili. Ndani ya folda ya maktaba ya Python ya kifaa kuna faili la jina kama `_sysconfigdata__linux_aarch64-linux-gnu.py`. Ndani yake mna kamusi moja ndefu yenye `CC`, `LDSHARED`, `EXT_SUFFIX` na zote. Unaisoma kama data. Njia za folda zilizomo ni za kifaa, kwa hiyo unazitanguliza na njia ya sysroot yako (folda yenye nakala ya mafaili ya kifaa). Kuanzia Python 3.14 kuna pia `build-details.json`, iliyoletwa na PEP 739 (pendekezo rasmi la Python), kusudi zana zisome habari hizi bila kuendesha Python kabisa.

Ukitumia pkg-config kupata `-l` na `-I` za zstd, weka `PKG_CONFIG_LIBDIR` na `PKG_CONFIG_SYSROOT_DIR` zielekee sysroot. Usiposema, itakupa maktaba za mashine uliyokalia kujenga, si za kifaa, na linka itakataa kwa kuwa ni za prosesa nyingine. Hapo angalau inakataa kwa sauti.

---

#17 mwanagenzi

Wakuu, nimerudi. `python3-dev` imeweka mambo sawa, `bana` imejengwa na inafanya kazi. Nikapata ujasiri, nikajaribu moduli yangu ya pili, imeandikwa kwa C++. Nimeweka `g++` kwenye kompaila. Imepita yote, kwenye import:

```
undefined symbol: __gxx_personality_v0
```

Nimeendesha ile `readelf` ya mkuu. Naona `libc.so.6` tu.

---

#18 zuhura_k

Mdogo wangu, umeshajifanyia nusu ya uchunguzi. Umekompaili na g++ ila `LDSHARED` bado inaunganisha kwa gcc, na gcc haiongezi maktaba ya C++ kwenye linka, g++ ndiyo inayoongeza. Hilo jina ni la shughuli za kushika makosa za C++, linakaa upande wa `libstdc++`. Badilisha mwanzo wa amri ya linka uwe g++, tumia `badili_linka` ya Mfuaji hapo juu kwenye #14. Na kama unao mchanganyiko wa `.c` na `.cpp`, faili moja tu la C++ linatosha kuifanya linka iwe g++.

---

#19 mwanagenzi

Dada Zuhura, imekubali. NEEDED sasa:

```
libstdc++.so.6
libgcc_s.so.1
libc.so.6
```

Nimeweka kwenye kodi kwamba chanzo chochote kikiishia `.cpp`, `.cc` au `.cxx` linka inageuka g++. Na kabla ya import inaendesha `nm` na kukagua `PyInit_` kama alivyosema dada. Mkuu Mfuaji, nikubandikie hapa uipitie?

---

#20 Mfuaji_C

Bandika ndugu, yote. Na uweke na matokeo ya `shlex.join` ya amri zote mbili, nianzie hapo.